Wasiwasi Unaozuia Kazi: Haki za Mkaazi na Njia ya Kuzifuata

Maelezo yaliyotolewa kwa wakaazi katika kikao cha hadhara kuhusu ulemavu na afya ya akili



Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu ambaye huenda hayupo hapa. Hayupo kwa sababu kikao kina watu wengi, na mbele ya watu wengi moyo wake huenda mbio, viganja vikalowa jasho na pumzi zikamkatika. Lakini mama yake yupo, au mumewe, au jirani anayemnunulia unga. Huyo ndiye atakayempelekea habari hizi nyumbani, na ndiyo maana zitaelezwa polepole.

Chukulieni mfano wa dada mmoja, keshia katika duka la jumla. Amefanya kazi miaka sita bila kupoteza hata shilingi. Siku moja, foleni ikiwa ndefu, kifua kikambana, mikono ikatetemeka na akahisi anakufa. Alikimbizwa hospitali, akapimwa moyo, akaambiwa moyo ni mzima. Wiki mbili baadaye ikarudi. Akapimwa presha, akatibiwa vidonda vya tumbo, akaombewa. Ikaendelea kurudi, hadi akaanza kuiogopa hata isipokuwapo. Sasa anaamka saa kumi usiku akiwaza foleni ya asubuhi. Anafika kituoni, matatu tatu zinapita, anarudi nyumbani. Mwishowe anamtumia meneja ujumbe wa simu: sitakuja tena kazini, samahani. Anaona ametua mzigo. Kumbe kwa ujumbe huo mfupi amejiondolea mwenyewe haki kadhaa ambazo sheria ilikuwa imemwekea.

Kila mtu ana wasiwasi. Ada ya shule haijalipwa, mvua haijanyesha, mtoto yuko safarini usiku. Huo ni wasiwasi wa kawaida na hauhitaji daktari. Wasiwasi unaoitwa ugonjwa ni ule unaomkaa mtu siku nyingi kuliko siku za nafuu, kwa miezi, hauendani tena na ukubwa wa jambo lenyewe, na unamzuia kufanya mambo ya kila siku. Kwa aina moja ya ugonjwa huu, wasiwasi wa jumla usioisha, madaktari huangalia kama hali imedumu angalau miezi 6. Kuna aina nyingine inayokuja kama shambulio la ghafla la hofu, likafika kileleni ndani ya dakika chache na kumwacha mtu hoi. Nyingine humfanya mtu ashindwe kukaa mbele za watu, au kupanda gari lililojaa, au kutoka nje ya lango lake. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote.

Ugonjwa huu unatibika, na hilo lijulikane kabla ya kuzungumzia stahili yoyote. Upo ushauri wa mazungumzo ambapo mgonjwa hufundishwa kuikabili hofu hatua kwa hatua, na zipo dawa. Nyingi ya dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya mtu kuona tofauti, na wengi huziacha siku ya kumi wakidhani hazifanyi kazi. Wengine hununua vidonge vya usingizi dukani, vikawatuliza usiku mmoja, kisha wakashindwa kuviacha. Lakini kati ya siku ya kwanza ya matibabu na siku ya kurudi kazini kuna miezi, na kwa wengine miaka. Hapo ndipo kodi ya nyumba inapodaiwa, na hapo ndipo swali la haki linapoanzia.

Swali ambalo huulizwa kwanza ni kama serikali hulipa mtu asiye na kazi. Jibu ni hapana. Kenya haina malipo ya kila mwezi kwa mtu kwa sababu tu hana ajira. Jamaa walioko Uingereza husimulia kuhusu malipo ya huko kwa wasio na kazi, na baadhi ya watu hapa hufikiri kuna kitu kama hicho kimefichwa ofisini. Hakijafichwa, hakipo. Anayemwambia mkaazi kwamba kwa shilingi elfu moja atamwandikisha kwenye malipo ya wasio na kazi anamwibia.

Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010 haikumwacha mtu huyu. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Ibara ya 54 inaeleza haki za watu wenye ulemavu. Kisha ibara ya 260, inayofafanua maneno, inasema ulemavu ni hitilafu ya mwili, ya hisi, ya akili, ya kisaikolojia au nyinginezo, au hali au maradhi, ambayo athari yake kwa shughuli za kawaida za mtu za kila siku ni kubwa au ya muda mrefu. Kwa hiyo ulemavu si kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe peke yake. Keshia anayeshindwa kupanda matatu kwa mwaka mzima anaweza kuwa ndani ya maneno hayo.

Neno "anaweza" limetumika kwa makusudi. Jina la ugonjwa peke yake halimfanyi mtu kuwa na ulemavu. Wapo wenye wasiwasi mkali wanaotibiwa na kuendelea na kazi zao. Kinachopimwa ni kile ambacho ugonjwa umemzuia kufanya, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Kila ushauri utakaotolewa hapa unarudi kwenye maneno hayo.

Kabla ya ulemavu kuna kazi, kwa yule ambaye bado anayo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Ni chache, ndiyo, ila baadhi ya waajiri hutoa zaidi, hivyo mkataba usomwe. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine wowote. Cheti kilichotolewa na daktari wa hospitali ya kaunti kwa sababu ya wasiwasi mkali kina uzito sawa na cha malaria.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 44, inahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfanya mtu afutwe papo hapo. Mwenye wasiwasi huangukia kosa hili kwa urahisi. Hana nguvu za kupiga simu, na anaiogopa simu ya meneja kuliko anavyoogopa kufutwa. Basi anazima simu siku tatu. Hapa ndugu wa nyumbani ana kazi. Apeleke cheti yeye mwenyewe, au akitume kwa simu, na ahifadhi ushahidi kwamba kilipokelewa. Na kama kuna ujumbe wa kujiuzulu umeandikwa usiku wa manane, usitumwe hadi mtu mwingine ameusoma mchana.

Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kazini, na miongoni mwa misingi inayotajwa ni ulemavu na pia hali ya akili. Waajiri wengi hawajui maneno hayo mawili ya mwisho yamo. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, mwajiri analazimika kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kwa mtu anayeshikwa na hofu mbele za watu, huyo mwenzake si mapambo. Na aliyefutwa bila haki ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kufungua kesi mahakamani. Miezi 3 hupita haraka kwa mtu ambaye hawezi kutoka chumbani.

Mfanyakazi anaweza pia kuomba kazi irekebishwe badala ya kuachwa: keshia ahamishiwe stoo au kwenye hesabu za ofisini, aingie saa nne badala ya saa moja ili akwepe msongamano wa matatu, apewe nafasi ya kutoka nje dakika kumi hofu inapomjia. Sheria ya watu wenye ulemavu inawataka waajiri wafanye marekebisho yasiyowaelemea kupita kiasi. Ombi hili liandikwe, hata kwa mkono, na nakala ibaki nyumbani.

Aliyekwisha kuacha kazi na kuchangia hazina ya NSSF afahamu kwamba Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ina malipo ya kutojiweza, kwa mwanachama ambaye madaktari wamethibitisha kwamba hali ya mwili au ya akili imemfanya asiweze tena kufanya kazi kwa kudumu. Neno zito hapo ni kudumu. Wengi wenye wasiwasi hupata nafuu, na ni jambo la kushukuru, lakini nafuu hiyo inamaanisha kwamba wengi hawatafikia kipimo hicho. Hata hivyo taarifa ya michango iangaliwe, kwa sababu mwajiri aliyekata pesa bila kuziwasilisha hugunduliwa mara nyingi siku kama hiyo.

Sasa kuhusu kujiandikisha kama mtu mwenye ulemavu.

Usajili hufanywa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye afisa katika kila kaunti, na ombi linaweza pia kuanzishwa kupitia eCitizen. Kabla ya kadi kutoka, mwombaji lazima afanyiwe tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kwa ulemavu wa afya ya akili, wanaomwangalia ni wahudumu wa fani hiyo, na ripoti yao ndiyo inayoamua. Anayedaiwa pesa yoyote njiani aombe risiti. Mara nyingi dai hufutika pale risiti inapotajwa.

Tathmini hii ndiyo inayowaangusha wenye wasiwasi. Mwenye mguu uliokatwa anaingia na mguu unaonekana. Mwenye wasiwasi anaingia akiwa ameoga, amevaa nguo nzuri, nywele zimesukwa, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyokwenda ofisini. Daktari anauliza: hujambo? Anajibu: sijambo. Unaendeleaje? Naendelea vizuri, nashukuru Mungu. Hiyo ndiyo adabu aliyofundishwa tangu utotoni, na hakuna mtu mwenye malezi anayejibu salamu kwa kulalamika. Ila kwenye faili kuna kalamu inayoandika: anaendelea vizuri. Halafu hofu yenyewe inamsukuma ajibu kwa kifupi ili atoke mle chumbani haraka. Dakika kumi zinaisha. Aliyekosa kulala usiku tatu kwa kuiogopa siku hiyo anaondoka akiwa ameandikwa kuwa hana shida kubwa.

Salamu zijibiwe kama kawaida. Lakini baada ya salamu, mwombaji au ndugu yake aseme wazi: hiyo ilikuwa salamu daktari, sasa hali yenyewe ni hii. Na hali yenyewe isielezwe kwa majina ya hisia. "Nina wasiwasi sana" halimsaidii anayetathmini, kwani kila mtu foleni nzima atasema hivyo. Linalosaidia ni tendo, idadi na muda. Tangu Machi hajapanda gari la abiria. Amekwenda sokoni mara mbili kwa miezi minne, zote akiwa na dada yake, na mara ya pili aliacha kapu akakimbia. Hali chakula mbele ya wageni. Anaoga mara moja kwa wiki kwa sababu bafu liko nje na lazima apite mbele ya majirani. Hajajibu simu ya mtu asiyemjua mwaka huu. Hakwenda kwenye mazishi ya mjomba wake. Sentensi hiyo ya mwisho kila mtu hapa ameielewa bila kuelezwa.

Kwa kuwa kumbukumbu hupotea mtu akiwa na hofu, daftari lianzishwe mapema. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kila siku iandikwe mistari miwili au mitatu: alijaribu kufanya nini, nini kilitokea, nani alimsaidia, alilala saa ngapi. Siku nzuri nazo ziandikwe. Daftari lenye siku mbaya tupu halisadikiki, na wala si la kweli. Ugonjwa huu hupanda na kushuka, na anayetathmini anahitaji kuona ni siku ngapi kati ya thelathini mtu alishindwa. Asiyeweza kuandika aandikiwe na mwanawe.

Pamoja na daftari, zikusanywe karatasi za hospitali, hata zile za zamani za kupimwa moyo na tumbo. Watu wengi huzitupa kwa kuona hazikuleta jibu. Kwa kweli zinaonyesha kwamba mtu alianza kutafuta msaada lini, na kwamba magonjwa mengine yalichunguzwa yakakosekana. Dawa alizotumia zitajwe, na zilizomshinda na sababu yake. Asiye na karatasi hata moja aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa, ahudhurie kliniki ya afya ya akili kwa miezi kadhaa, ndipo aombe tathmini. Anayekwenda kuomba kadi siku ile ile aliyomwona daktari kwa mara ya kwanza hurudishwa, na si kwa ubaya.

Gharama ya kliniki huwazuia wengi. Usajili kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ni bure, na unafanyika kwa simu kwa kubonyeza *147#. Aliyesajiliwa anatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Kwa hospitali kubwa lazima mchango uwe umelipwa, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Aidha, mabadiliko ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyopitishwa mwaka 2022 yanazitaka serikali za kaunti zitoe huduma hizi, kwa hiyo mkaazi anayeziomba haombi fadhila.

Mwombaji asiende peke yake. Ndugu, jirani au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumsindikiza, kushika nafasi kwenye foleni huku mwenyewe amekaa chini ya mti, na kuingia naye ndani akitaka. Anayesindikiza aongezee yale mgonjwa anayoyaficha kwa aibu, ila asimsemee yote. Mara nyingine mume huingia na kutangaza kwamba mkewe ni mvivu tu siku hizi. Wa namna hiyo abaki nje. Na wahudumu wa meza ya mapokezi wanaombwa jambo moja: mtu anaposema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kukaa kwenye chumba kilichojaa, asiulizwe kwa sauti ya juu ana ugonjwa gani.

Wengine huogopa kusema ukweli wote, hasa waliowahi kufikiria kujitoa uhai, kwa kuhofia polisi. Ni vyema ijulikane kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Maneno hayo yasemwe kwa daktari. Na anayeyasikia nyumbani asisubiri siku ya tathmini. Ampeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kadi ikishatoka, ina faida gani? Hapa ukweli usemwe wote, maana kumekuwa na matumaini makubwa kuliko kadi yenyewe.

Kadi si mshahara, na haileti pesa kwa simu. Kwa mwenye kipato, manufaa makubwa ni ushuru: akiomba msamaha kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kupitia iTax na kukubaliwa, hatozwi ushuru wa mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Keshia aliyehamishiwa stoo na kubaki na mshahara wake angeona tofauti hiyo kwenye karatasi ya malipo, kiasi cha kulipia nauli na dawa. Mwenye biashara anaweza kuingia katika zile asilimia 30 za zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Baraza lina hazina inayosaidia masomo na vikundi vya kujiinua kiuchumi. Katika utumishi wa umma, mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60, jambo ambalo limewafanya wachache kukumbuka ulemavu wao wakiwa na miaka 59. Hao ndio wanaowafanya wanaotathmini wawe wakali kwa kila mtu.

Malipo ya Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Yamekusudiwa kaya maskini zenye mtu anayehitaji mlezi wa kumhudumia wakati wote: kumlisha, kumwogesha, kumlinda. Uandikishaji hufanywa serikali inapoufungua, kupitia machifu na manaibu wao. Mtu mwenye wasiwasi mkali ambaye anajilisha na kujivalisha mwenyewe, kama yule keshia, kwa kawaida hatafikia kipimo hiki, hata kama hajatoka nyumbani mwaka mzima. Wengi huona si haki. Kuna nafasi kubwa kati ya mtu anayeweza kufanya kazi na mtu anayehitaji mlezi saa 24, na sheria ya sasa haina malipo kwa aliye katikati. Yanafaa kusemwa kwenye vikao vya maoni kuhusu bajeti na kwa wawakilishi wa wadi, ambako viti vingi hubaki vitupu.

Aliyekataliwa asiondoke na neno la mdomo. Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapoathiri haki yake. Sababu zikishajulikana, mambo mawili hutokea mara nyingi. Ama karatasi zilipungua, na zinaweza kuongezwa na tathmini kuombwa upya. Ama hali haikuelezwa, na daftari ndilo dawa yake. Anayeona ametendewa visivyo anaweza kulalamika kwa Baraza lenyewe, kisha kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Huduma hiyo haitozwi.

Na kwa mtu mwenye wasiwasi, barua ya kukataliwa ni pigo la aina yake. Ataikunja, ataiweka chini ya godoro, na hatamwambia mtu. Ndugu anayejua kwamba jibu linangojewa aulize, aulize tena baada ya wiki, na aombe kuiona barua kwa macho yake.

Wapo watakaouliza siri itakuwaje, maana mtaani habari hutembea. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mhudumu wa afya ya jamii, chifu au karani hana ruhusa ya kuzisimulia kwenye kibanda cha chai. Mwombaji naye ana hiari ya kuchagua nani kazini ajue. Anayeomba kubadilishiwa zamu atalazimika kumweleza meneja kiasi fulani, lakini si wenzake wote wa kaunta.

Muda uliobaki ni wa maswali. Wasiopenda kuuliza mbele za watu, na wanaouliza kwa niaba ya mtu aliye nyumbani, watamkuta muuguzi wa afya ya akili kwenye meza iliyo nyuma ya ukumbi, upande wa mwembe, hadi saa kumi jioni. Hakuna foleni ya kusimama. Jina linaandikwa kwenye karatasi, na mtu anaweza kungojea nje mpaka aitwe kwa kuguswa bega.